Korosho Yenye Mkia

Kitangari, Jumatatu 7 Oktoba

Dada yangu Sabina, shikamoo. Shemeji Bartholomayo naye aipokee shikamoo yake, na mguu wake uliovimba nimeuombea. Rose hajambo? Lameck hajambo, ameacha kukojoa kitandani au bado? Huku kwetu tupo. Baba Loveness mzima, kashinda mikoroshoni tangu asubuhi, anakusalimu sana. Mama mkwe wangu, Mama Gerson, mzima, goti linamsumbua ila mdomo haujambo. Vitalis mdogo ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwenye ziwa langu. Jirani yangu Bimdogo anakusalimu na anaulizia khanga yake uliyomwahidi. Baba na mama kule Lulindi nimesikia hawajambo. Loveness nimemweka mwisho kwa sababu salamu zake hazienei kwenye mstari mmoja.

Ulisema nisikupigie simu kila nikiona jambo, maana kwenye simu nalia tu na husikii ninachosema. Ukasema niandike kwenye daftari mtoto anasikia nini na anafanya nini, msimu wa korosho ukiisha nikuletee umpelekee yule dada wa mashine ya masikio pale hospitali. Haya, nimenunua daftari. Darasa la saba lenyewe unajua sikulimaliza, kwa hiyo umsomee wewe, na palipokosewa urekebishe kwa mdomo.

Tangu tulipotoka kwako Dar kila asubuhi ni vita. Kile chombo cha nyuma ya sikio nakivisha, na kile kidude cha duara kinanasa chenyewe kichwani kwa sumaku, pale daktari alipopasua. Kikiwaka tu, mtoto anakunja uso kama kamwagiwa maji ya kisima. Analia. Anavua. Nakivisha. Anavua.

Jumanne, 8 Oktoba

Kavaa, kalia, kavua. Vile vile.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo baada ya ibada watoto wamemzunguka Loveness wanamchungulia sikio. Chombo chenyewe ni cha kijivu na kimepinda, na huku kwetu kitu cha kijivu kilichopinda kina jina moja. Wanamwita Korosho. Bimdogo ndiye aliyewaanzishia, kasimama mlangoni na kapu lake:

"Mama Loveness, mkorosho wako umezaa sikioni! Ukikomaa utatuita kuvuna?"

"Nitakuita uje kuokota mabibo, shoga, ndiyo kazi unayoiweza."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nyumbani sikucheka. Bimdogo aliongeza kwamba mvua zikianza nisije kwake na mtoto mwenye sumaku kichwani, radi inapenda chuma. Kasema kwa utani. Lakini leo sitalala vizuri. Dada, muulize dada wa mashine: radi je?

Ijumaa, 18 Oktoba

Pale hospitali wanauliza anasikia nini. Sijui, dada. Nasimama nyuma yake kama nilivyofundishwa, simgusi, naita, "Loveness! Loveness!" Hageuki. Naita mpaka jogoo wa Bimdogo anageuka. Yeye hapana.

Lakini mchi ukigonga kinu anaziba masikio yote mawili, hata lile lisilo na kitu. Kwa hiyo kinaingia. Kinachoingia ndicho kinachomuumiza.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia Gerson. Tangu ile homa ya uti wa mgongo ilipomziba masikio, mimi na mtoto huyu tulikuwa tunaelewana. Nikigusa kidevu anajua uji umeiva. Nikipiga goti anajua bibi anamwita. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Sasa dada wa mashine kasema tupunguze mikono, tutangulize mdomo, sikio lipate kazi. Nimepunguza. Ananitazama mdomo, mdomo unacheza, haelewi, anaondoka. Tangu Septemba sijamwona akicheka. Mtoto nilimpeleka Dar anacheka, nimerudi naye kanuna. Hilo nalo umsomee.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mama mkwe na mimi hatusemezani. Nilimkuta jikoni na Loveness, chombo kimevuliwa kimewekwa juu ya mfuniko wa chungu, wanaongea kwa mikono na kucheka. Nilisimama mlangoni nimeshika ndoo. Kicheko kile nimekitafuta mwezi mzima, kumbe kipo jikoni, tena anapewa mwingine.

Nikasema, "Mama, daktari amekataza."

Akasema, "Daktari yuko hapa?"

"Akikivua hataweza kuzoea."

"Mwanangu, mtoto akilia kwa kiatu, kinachovuliwa ni kiatu. Mguu utauvua?"

Gerson akatoka nje akaenda kuangalia mikorosho ambayo alishaiangalia. Yeye ndiyo hivyo, maneno ya mama yake na ya mke wake yakikutana, anakumbuka shamba.

Jumatano, 23 Oktoba

Korosho zimeanza kuanguka kwa wingi. Tunaokota, tunanyonga kuzitenga na mabibo, yale matunda yake, tunaanika. Loveness kavaa mpaka saa nne hivi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo nimefanya kosa. Nilishuka naye Masasi kumtafutia viatu. Nikasema avae chombo njia nzima, azoee watu. Kwenye gari alikuwa ametulia, anatazama mawe yale makubwa ya Masasi kama kawaida yake, nikafurahi.

Tukafika sokoni. Pikipiki zile, dada, unazijua, kila bodaboda anapiga honi kama ana mgonjwa. Kuna kijana anatangaza nguo za mtumba kwa kipaza sauti, pembeni wanasaga mahindi. Mimi mwenyewe nilikuwa sisikii ninachoulizwa. Loveness akasimama katikati ya njia. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto, nzito, inatoka tumboni. Akaking'oa chombo, akakirusha, akakaa chini kwenye maganda ya miwa, akatapika.

Watu wakajaa. Mama mmoja anasema, "Mpepeeni, ana kifafa." Mwingine anasema, "Sio kifafa, ana majini, tazama kovu la kichwa." Mimi nimepiga magoti namtafuta mtoto kwa mkono mmoja na chombo kwa mkono mwingine, na Vitalis mgongoni analia. Muuza viatu ndiye aliyekiona chini ya meza yake. Akakifuta kwa shati akanipa, akauliza, "Mama, hii earphone yake?" Nikasema ndiyo. Ningeanzia wapi?

Viatu sikununua. Nimerudi nimembeba Loveness mgongoni, mtu mzima wa miaka mitano, na Vitalis kifuani. Jioni mama mkwe kamwona anavyotetemeka. Kachemsha maji, kamwogesha, kamlaza kwake. Kunyamaza kwake ndiyo kumenichoma. Angetukana ningejibu.

Dada, sisi tumemtibu au tumemwonea?

Jumapili, 27 Oktoba

Sijamvisha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sijamvisha.

Jumanne, 29 Oktoba

Ulinipigia ukasema nisikate tamaa, dada wa mashine anasema nianze na sehemu tulivu, muda mfupi, nyumbani. Nimemvisha nyuma ya nyumba, tukakaa wawili. Hakulia. Hakufanya lolote. Alikuwa anamtazama mjusi.

Jumatano, 6 Novemba

Chombo kimepotea asubuhi, kimeonekana mchana kwenye majivu ya jikoni. Nani kakiweka? Jikoni anashinda nani? Nimemwuliza Gerson, "Unaona?" Kasema, "Mtoto ndiye aliyetupa." Nikasema, "Mtoto anajua kukifunika na majivu?" Kaenda shambani.

Naanza kumwogopa yule mama, dada. Siogopi uchawi. Naogopa mtu anayempenda mwanangu mpaka mtoto akamwona mama yake ndiye adui.

Jumanne, 12 Novemba

Mawingu yanakuja yanaondoka. Magunia mawili yamejaa. Mikono yangu imechunika kwa mafuta ya maganda, kalamu inaniteleza.

Jumapili, 17 Novemba

Leo niandike vizuri.

Nilikuwa nyuma ya tanuri la matofali, nimekwenda kufuata kuni. Loveness alikuwa peke yake kwenye mkeka wa korosho, kavaa chombo, nilishasahau hata nilimvalisha saa ngapi. Mbele yake kaweka sufuria tupu. Kachukua korosho moja, kaiangusha ndani. Ko. Katulia. Kaangusha nyingine. Ko. Kisha, dada, akakivua chombo mwenyewe, taratibu, akakiweka pajani. Akaangusha korosho. Akaitazama sufuria. Akakivaa tena. Akaangusha.

Akarudia na kurudia. Bila chombo, hakuna. Na chombo, ipo. Alikuwa anachunguza, uso umekazana kama wa Gerson akihesabu mistari ya mikorosho.

Halafu akachota za mikono miwili akazimwaga zote kwa pamoja. Ule mlio! Akacheka. Akakaa chini akacheka.

Sikutoka. Kuni nilizishika mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipogeuka, mama mkwe naye alikuwa kasimama kwenye kona ya jiko, mkono mdomoni. Tukaonana.

Jumatatu, 18 Novemba

Kavaa mpaka jioni. Kapiga sufuria mpaka Bimdogo kaja kuuliza kama tuna ngoma.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimemwita nikiwa nyuma yake. Kageuka. Nimemwita tena nihakikishe, akageuka kwa hasira, kama anasema, "Si nimeshageuka?" Gerson alikuwepo. Safari hii hakwenda shambani. Kakaa kwenye kigoda, kafuta macho kwa mkono wenye vumbi, uso ukawa matope.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua ya kwanza. Juu ya bati ni balaa, nilimkimbilia nimvue. Akanisukuma mkono. Alijikunja kwa bibi yake, kaogopa, machozi yanatoka, lakini kashika chombo kisitoke. Radi haikumfanya kitu.

Jumamosi, 30 Novemba

Unyevu umeanza. Chombo kinakatakata, mtoto anakigonga kwa kidole, anakunja uso. Kile kikopo cha kukaushia tulichopewa, vidonge vyake vimekwisha nguvu na huku kwetu havipatikani. Nimekifuta kwa kitambaa, nimekiweka kwenye unga mkavu karibu na joto la jiko, haikusaidia. Nimekwambia kwenye simu, umesema utaulizia vidonge. Nyumba nzima naimba wimbo mmoja: kikauke, kikauke, kisipokauka kitakufa.

Jumanne, 3 Desemba

Dada, chombo kimepotea. Naandika ili nisipige kelele.

Asubuhi jua lilitoka kali. Nilikiacha ndani ya kikopo, nikasema kwa sauti, "Leo hakivaliwi, kikauke kutwa." Nikaenda kisimani bondeni. Nikiwa napandisha na ndoo, wingu jeusi likatokea upande wa Newala, upepo ukageuka. Unajua korosho zikinyeshewa mkekani ndiyo basi, daraja la pili. Nilikimbia maji yakimwagika. Nimefika, Gerson na mama yake wanakumba korosho kwa mikono na mabakuli, nikaingia na mimi, tunakumba, tunajaza magunia. Mdogo wake Gerson akafika na pikipiki akayapeleka magunia ghala la chama cha ushirika kabla njia haijaharibika. Mvua ikapiga.

Ilipokatika nikaingia ndani. Kikopo kipo wazi. Tupu.

Nilimfuata jikoni. Maneno niliyomwambia mama wa mume wangu siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia, "Umekitupa! Hukukitaka tangu mwanzo, ulikitia majivuni, leo umekimaliza! Mtoto akiitwa akageuka, unaumwa nini wewe?"

Alikuwa kakaa na goti lake limenyooshwa. Aliniacha mpaka pumzi ikaniishia. Kisha akasema polepole:

"Sikukitupa. Nilikianika."

"Ulikianika wapi?"

"Mkekani. Ulisema kinataka kukauka. Sisi huku kitu tukitaka kikauke tunakianika wapi? Nikakiweka pembeni, nikakilinda na kuku. Wingu lilipokuja nikasahau, nikakimbilia korosho."

Akalikanda goti, halafu akasema, "Na majivuni pia nilikiweka mimi. Kilikuwa kimeloa mate. Majivu yanavuta maji."

Dada, nilitazama mikono yangu. Nilikumba mkeka ule upande wa pembeni. Huenda ni mimi niliyekishika, nikakitia guniani kama korosho nyingine.

Jumatano, 4 Desemba

Tulifika ghalani saa moja asubuhi, mimi, Gerson, na mama mkwe aliyekataa kubaki, kaja anachechemea na fimbo. Karani wa chama ni Ashraf, kijana mzuri, lakini kazi ni kazi.

"Mama Loveness, pole. Lakini korosho zenu zilimwagwa jana, zikapimwa ubora, zikachanganywa na za wengine, magunia yameshonwa. Lori linakuja leo kupeleka mnadani. Nikifungua gunia moja tu, kila mtu atasema korosho zake zimepungua."

Gerson akaanza kuomba. Ashraf anatikisa kichwa, anasikitika, anatikisa kichwa. Mama mkwe hakuomba. Alipanda juu ya magunia, sijui na goti lile alipandaje, akakaa katikati, akafunga khanga yake vizuri.

"Mama, shuka, tafadhali."

"Sishuki. Nipakieni na mimi, mkaniuze mnadani. Andika: bibi mmoja, daraja la pili, amenyeshewa."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Ashraf akacheka, kisha akaona hatanii.

"Mama, unataka nini?"

"Nataka sikio la mjukuu wangu. Nililianika mimi, nitaliokota mimi."

Habari ikatembea. Kitangari unaijua. Bimdogo akafika na wanawake kama wanaenda harusini, kila mmoja na ungo wake. Akamwambia Ashraf, "Humo na korosho zangu zimo. Mimi mwenye mali nasema fungua. Nani mwingine ana korosho humo? Mama Hamudi? Fungua. Nani anakataa asimame nimwone." Hakusimama mtu. Ashraf akampigia simu mwenyekiti, akaongea pembeni, akarudi na kisu, akakata uzi wa gunia la kwanza.

Tulikaa chini kwa mstari, tukachambua kama tunavyochambua daraja, kiganja kwa kiganja, na zilizopita zinarudi guniani mbele ya macho ya kila mtu. Kitu cha kijivu kilichopinda ndani ya vitu elfu vya kijivu vilivyopinda. Macho yakaanza kunidanganya, kila korosho nikaiona ndiyo. Loveness alikuwa kasimama mlangoni. Hajui tunatafuta nini. Au anajua.

Mchana umepita, dereva wa lori anapiga honi, Bimdogo akanyanyua mkono:

"Mama Loveness! Ipo korosho hapa ina mkia!"

Ni waya wake ule mwembamba wa kile kidude cha duara. Nilimkumbatia, ungo wake ukamwagika, akanitukana, akalia. Ndiye huyu niliyedhani ananicheka.

Mama mkwe aliteremshwa na watu wawili. Nilipiga magoti mbele yake hapo hapo ghalani, nikamshika miguu. Akasema, "Inuka, utachafua gauni." Njiani nilimbebea fimbo, akaegemea bega langu.

Alhamisi, 5 Desemba

Hakiwaki. Kimepata ufa kwenye kona na ndani kuna ukungu. Nimechaji betri kwa Hamudi kinyozi, nimebadili, nimegeuza. Kile kitaa cha kijani hakiji.

Usiku wa jana nilijua hivyo, sikumwambia mtu.

Ijumaa, 6 Desemba

Asubuhi nilikuwa nakoroga uji. Loveness kaja, chombo kiganjani, kakitoa mwenyewe kwenye kikopo. Kanipa. Kajishika nywele za pembeni, kanigeuzia sikio, kasimama wima kama askari, anangoja.

Dada, miezi yote hii nimemfukuza nyuma ya nyumba, nimemkamata miguu, nimemvisha kwa vita. Leo kaja mwenyewe.

Nilimvisha. Sijui kwa nini nilimvisha. Akangoja. Akagonga kwa kidole. Akanitazama. Akakivua, akanipa tena, akageuza sikio tena, safari hii polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea kukiweka.

Bibi yake akatoka nje.

Masasi stendi, Jumamosi 7 Desemba

Daftari halijajaa lakini naliweka humu kwenye boksi pamoja na chombo, kwa konda wa basi la Dar, kijana wa Lulindi, baba yetu anamjua. Kimefungwa kwa pamba, kisha mfuko, kisha khanga ya mama mkwe. Kasema khanga hiyo isirudi bila mzigo.

Mpe dada wa mashine mkono kwa mkono. Mwambie ukweli wote, usinisitiri: kilianikwa mkekani, kikakumbwa, kikashonwa guniani, kilikanyagwa au hakikukanyagwa hatujui. Mwulize kinapona? Kama hakiponi, wanacho cha kuazima mpaka tufike mwezi wa kwanza? Mwambie pia lile swali langu la kwamba tumemwonea mtoto, alifute. Silitaki jibu lake tena.

Nimekuja na Loveness kwa sababu hakukubali kubaki. Honi zinapiga kila upande, yeye hata hashtuki, na safari hii ndicho kinachoniuma. Aliona chombo kikiingia kwenye boksi. Tangu nyumbani kalikumbatia, mikono miwili, kidevu juu yake. Nimemwonyesha kwa vidole: kinakwenda, kitarudi. Anatikisa kichwa. Konda kashanyoosha mkono mara mbili, gari linanguruma, abiria wa dirishani anasema, "Mama, mnyang'anye tuondoke."

Nampa nafasi kidogo, naandika mstari huu wa mwisho juu ya goti, kisha nitamfungua vidole kimoja kimoja.

Dada Sabina, Jumatatu ukienda hospitali usingoje jioni. Ukitoka tu mlangoni kwa yule dada, hapo hapo nje, nipigie. Simu nitakuwa nimeishika.

Mdogo wako,
Isabela